Mlango Wazi, Mtandao Wenye Funguo

Ndugu msomaji, sisi mafrateri tuliopangiwa kazi za kichungaji katika parokia moja ya bonde la Kilombero tumeona kuwa anayebisha hodi siku hizi haji kwa ajili ya misa ya marehemu au cheti cha ubatizo tu. Huenda akauliza, "Frateri, Wi-Fi ipo?"

Nyumba yetu ina kompyuta moja na ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Bando hununuliwa kwa matoleo ya waamini, wengi wao wakulima wa mpunga. Kwa hiyo swali la nani aunganishwe si la ufundi peke yake. Ni la uwakili pia.

Tuanze na ufundi. Kwenye kompyuta ya Windows, chini kulia, ipo alama ya mtandao. Ukiibonyeza unapata orodha ya mitandao iliyo karibu. Mistari ya alama hiyo hupima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta, basi. Haisemi kama intaneti ipo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ilizorota nchini hata kwa wale ambao mistari yao ilikuwa imejaa.

Mistari ikipungua, hapo tafuta sababu nyumbani. Bati hurudisha mawimbi, na maji huyanyonya, yawe ya tenki au yaliyomo ndani ya nafaka. Ruta yetu tuliitoa jirani na magunia ya mpunga tukaiweka juu ya rafu, karibu na dirisha, na chumba cha pili kikapata mtandao. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri. Yale ya 5 yana kasi zaidi ila hayafiki mbali.

Bando nalo lina mlaji wa siri: kompyuta hujipakulia masasisho yenyewe. Fungua sifa za mtandao wako, uutambulishe kama muunganisho unaopimwa, na sehemu kubwa ya masasisho itasubiri.

Sasa tuje kwenye lililotugawa. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, mama mmoja wa jumuiya alikuja na binti yake yatima wa baba. Maombi ya HESLB hufanyika mtandaoni, na yatima huambatanisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Wenzetu wawili walisema tuwape watu wote nenosiri, maana nyumba ya Kanisa haina mgeni. Wengine tukahofia bando kuisha kwa video kabla binti hajatuma fomu. Mama akasikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mafrateri, mlango wenu uko wazi, ila mtandao umefungwa."

Kuondoa nenosiri kabisa lisingekuwa jibu. Mtandao usio na funguo humwezesha mtu wa nje kuingia bila hodi. Tena, kompyuta iliyozoea mtandao wa wazi inaweza kujiunga yenyewe na mwingine wenye jina lile lile, hata kama umewekwa na tapeli. Nyaraka za yatima si za kupitishwa njia hiyo.

Tulifungua mtandao wa wageni kwenye ruta, wenye jina lake na nenosiri lake, tukauwekea ulinzi wa WPA2. Tukapanga saa za jioni kwa ajili ya waombaji, na frateri mmoja huketi nao. Nenosiri hubadilishwa kila Jumamosi. Na anayetumia kompyuta ya mwenzake akimaliza, huingia kwenye mipangilio na kuamuru mtandao ule usahaulike, ili nenosiri lisibaki huko.

Binti alituma fomu yake siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Kama atapata mkopo, hilo haliko mikononi mwetu. Lakini yale mabishano yalitufundisha kwamba kutoa na kulinda si maadui. Anayetunza kisima kwa mfuniko hawanyimi watu maji. Anataka hata atakayekuja wa mwisho ayakute safi. Ndugu msomaji, kama parokia yako ina ruta, uliza nani anaitunza, na nani bado yuko nje anasubiri kukaribishwa.