Kamera ya Kuazimana

Wazazi wa mtaa wetu tulichangishana tukanunua kamera iliyokwishatumika, Canon EOS 1100D, aina iliyoingia sokoni mwaka 2011 kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Kabla ya kulipa tulipiga picha za majaribio, tukakagua kama lenzi ina ukungu na kama betri inatunza chaji. Watoto huiazima kwa zamu, siku 2 kila mmoja, na majina huandikwa daftarini. Baadhi yetu tulihofia kwamba itavunjika. Huenda ikavunjika, ndiyo maana tulichagua ya bei nafuu. Lakini mtoto asiyewahi kukabidhiwa mali ya wenzake atajifunzia wapi amana? Sharti tumeweka moja: asipigwe mtu picha bila ridhaa yake. Juzi binti mmoja aliirejesha ikiwa na picha moja tu, ya mikono ya bibi yake akichambua mchele. Uso, bibi hakuridhia.