Gogo la Oxford Street

Mjomba, natumaini huko Buswelu mbao zimeshuka bei, ingawa najua hiyo ni ndoto.

Tarehe 1 Mei 2025, mafundi wa huko mkila Mei Mosi yenu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya Oxford Street, London, IKEA, wauza samani wa Uswidi, wakifungua duka jipya. Jengo zamani lilikuwa la Topshop, wauza nguo. Mwaka 2021 wenye IKEA walilinunua kwa pauni milioni 378. Ndiyo, milioni, tena za pauni. Sasa ni ghorofa tatu za vitanda, sofa na sufuria.

Usishangae watu kupanga foleni kwa ajili ya meza. Februari 2005 walifungua duka Edmonton, kaskazini mwa jiji, saa sita usiku. Watu kama 6,000 wakazifuata sofa za pauni 45, wakasukumana mpaka wengine wakaishia hospitali, na duka likafungwa baada ya nusu saa hivi. Safari hii tuliingia kwa adabu.

Kinachonichekesha ni desturi yao. Kwenye ufunguzi Waswidi hawa hawakati utepe, wanakata gogo kwa msumeno. Haya, ingia ndani sasa uutafute mti wenyewe! Nilisimama mbele ya Billy, kabati la vitabu lililobuniwa na Gillis Lundgren mwaka 1979, nikaligonga kwa kidole kama unavyogonga mninga pale karakanani kwako. Likajibu kwa sauti ya boksi. Ni chembechembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, zikavalishwa ngozi nyembamba yenye mistari ya mti. Tena huondoki na kabati: unapewa pakiti bapa, skrubu kwenye kifuko, na karatasi ya michoro isiyo na maelezo, kazi kwako.

Kwa IKEA ujanja huu ulianza 1956. Huyohuyo Lundgren alitaka meza iingie kwenye gari, ikagoma, akaitoa miguu. Bosi wake Ingvar Kamprad, aliyeanzisha kampuni mwaka 1943 akiwa na miaka 17, akaiona biashara: mteja abebe mwenyewe, aunge mwenyewe, bei ishuke. Kwa maoni yangu utajiri wake umo humo. Alimgeuza mteja kibarua, na kibarua akashukuru. Wewe jaribu kumpa mtu wa Nyakato mbao akaunge kwake, uone kama hatakuuliza hela ya ufundi ni ya nini.

Ila sikufichi, mjomba, kuna mahali wanakushinda. Bei imeandikwa, na vitu vingi unaondoka navyo leo. Hakuna habari za umeme kukatika wala fundi wa vanishi kuuguliwa.

Kile kitanda cha mama nilichokuagiza, tumia mninga, hata kama umepanda bei. Hela iliyobaki nitaituma mwisho wa mwezi. Na ukimwambia Ijumaa, tafadhali, iwe Ijumaa hiihii.