Picha ya Kimondo na Giza la Nyumbani

Ndugu msomaji, je, umepata kukiona Kimondo cha Mbozi? Sisi wa Igamba twakihesabu kuwa chetu, maana kimo katika wilaya yetu, pale Ndolezi. Wengi hukiita jiwe, lakini ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani zamani sana. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Katika kila sehemu 100, karibu 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Wanasayansi walikifahamu mwaka 1930. Yule aliyetaka kipande kidogo cha kupima alikata kwa msumeno saa 10 nzima ndipo akakipata.

Mimi napenda kupiga picha za mawe na miamba kwa simu yangu. Mama yangu ni mzee, miguu yake imechoka, naye tangu usichana alisikia habari za Kimondo asifike. Aliniambia, “Mwanangu, niletee nikione kabla macho nayo hayajaniaga.” Basi nikaenda.

Shida yetu ni umeme. Hukatika bila kubisha hodi, pengine jioni, pengine siku nzima. Na simu yenye chaji ni akiba ya nyumba, maana ndiyo itakayoita pikipiki usiku mgonjwa akizidiwa. Kwa hiyo nimejiwekea sheria: chaji ikibaki theluthi moja, naacha kupiga picha, hata jua likiwa zuri namna gani. Nazima intaneti, napunguza mwanga wa kioo, na kabla ya kupiga nazunguka kwanza na kutazama kwa macho yangu.

Uhaba huu wanifundisha. Saa sita mchana chuma kile huonekana cheusi kitupu. Lakini asubuhi, jua likiwa bado chini, vishimo vyake vyote hupata kivuli, utadhani mtu alibonyeza udongo kwa vidole. Kisha msimamishe mtoto kando yake, ili ukubwa ujulikane. Picha 5 za namna hiyo zashinda 50 za ovyo.

Jioni niliporudi hapakuwa na umeme, na mke wa ndugu yangu alikuwa mjamzito wa siku za mwisho. Nilitamani kumwonyesha mama mara moja. Mwenyewe akakataa: “Zima simu, mwanangu. Usiku ni mrefu, huenda tukaihitaji. Kimondo kimengoja miaka yote hiyo, kitangoja tena.”

Tulingoja siku 2. Umeme uliporudi, mama alikigusa kioo kwa kidole apate kukishika Kimondo, na picha ikateleza ikaondoka. Akacheka, akasema, “Kumbe kinaruka bado!”

Baadaye nilipeleka picha moja Vwawa ikasafishwa, nayo sasa imetundikwa ukutani karibu na kiti chake. Watoto wa jirani huja, naye huwasimulia.

Nawe, msomaji, usiiache sura ya mwamba wa kijiji chenu, wala sura za wazee wako, ndani ya simu tu. Chagua iliyo bora, uisafishe. Picha ya karatasi haiombi umeme. Fungua dirisha tu, utaiona.