Kwata Ile Ile

Makomando wa Uingereza walipotua kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, alfajiri ya tarehe 25 Januari 1964, kazi yao ilikwisha kabla jua halijapanda vizuri. Kilikuwa kikosi cha 45 cha Royal Marines, kimetoka Aden kwa manowari Centaur. Helikopta ziliwashusha kwenye uwanja wa michezo ulio jirani na kambi, huku manowari nyingine, Cambrian, ikipasua makombora hewani ili kuwachanganya waliokuwa ndani. Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Tanganyika hadi siku tano kabla, aliwataka askari wake wa jana, waliokuwa wameasi, wajisalimishe. Walipokawia, kombora lilipiga jengo la walinzi. Baadhi ya askari waliuawa, wengine wakakimbilia vichakani, waliobaki wakaweka silaha chini.

Wakati huo mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama, sina ninachokikumbuka. Habari hizi nimezikuta kwa wazee, hasa kwa marehemu mjomba wangu wa Msasani, ambaye alizisimulia kwa namna mbili kulingana na waliopo barazani. Penye wageni alisema wale askari walikuwa wakorofi na waliadhibiwa walivyostahili. Tukibaki wenyewe alisema walikuwa na haki yao, ila waliidai vibaya. Kwa miaka mingi nilimwona mnafiki. Siku hizi nadhani alikuwa akisema kweli mara zote mbili, na kwamba kilichokuwa kikimsumbua ni kukosa namna ya kuzisema kweli hizo kwa pamoja.

Kinachonirudisha kwenye asubuhi ile si helikopta wala mizinga. Ni kwamba pande zote mbili zilipita mikononi mwa walimu wa aina moja. Jeshi letu, Tanganyika Rifles, lilikuwa King's African Rifles (KAR) iliyobadilishwa jina tulipopata uhuru mwaka 1961. Maafisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Gwaride lilikuwa lile lile, saluti ile ile, buti zilipigwa rangi kwa namna ile ile. Hata jina la kambi, Colito, lilitokana na pigano la mwaka 1941 nchini Ethiopia, ambako askari wa KAR walipigana na Waitaliano chini ya bendera ya Mwingereza. Ikiwa nidhamu ni tunda la kwata, imekuwaje kwata ile ile iwatoe hawa wanaoruka kutoka kwenye helikopta bila kuuliza, na wale waliowaamsha maafisa wao usiku wa tarehe 20 na kuwaweka chini ya ulinzi?

Jibu la haraka lipo, nalo si la uongo. Walioasi walitaka mshahara wa kutosha, na walitaka Waafrika washike nafasi za maafisa. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili na kidogo, Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea siku nane tu zilizopita, na askari wa Colito alikuwa bado anapigiwa kelele na Mwingereza yule yule. Nalikubali jibu hilo, lakini halinitoshi. Mishahara midogo ipo katika majeshi mengi ambayo hayajawahi kuasi, na wakubwa wenye dharau wapo kila mahali, hata huku uraiani kwetu ambako hakuna bunduki.

Nilipokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, baada ya kidato cha sita, niliamini kwamba nidhamu ni woga uliovaa kombati. Sikuwa peke yangu katika imani hiyo. Hanga zima tulikuwa tukiwaogopa wakufunzi, tukiigiza utii mbele yao na kuwaiga kwa kejeli wakigeuka. Isipokuwa koplo mmoja. Kwenye mchakamchaka wa alfajiri, wenzake wakiwa mbele wakiongoza nyimbo, yeye alikimbia nyuma kabisa pamoja na sisi wazito. Hakuwa mpole hata kidogo. Alitutukana njia nzima, lakini matusi yake yalitoka kwa pumzi iliyokatika kama yetu. Siku za fatiki alishika fyekeo, akachukua sehemu yake ya nyasi, akaimaliza. Hakueleza kwa nini anafanya hivyo, na sidhani kama aliona kuna la kueleza. Nami wakati ule sikuliona kuwa somo. Niliona ni bahati mbaya kwamba mkali kuliko wote ndiye aliye karibu nasi kuliko wote. Ilinichukua miaka kutambua kwamba amri zake ndizo pekee tulizokuwa tukizifuata hata asipokuwepo.

Baadaye nikasoma habari za Lympstone, huko Devon, wanakofunzwa Royal Marines. Jaribio la mwisho kabla ya kuvishwa bereti ya kijani ni mwendo wa maili 30, karibu kilomita 48, kukatiza nyika ya Dartmoor na mzigo mgongoni. Kuruta hupewa muda wa saa nane. Anayesomea uafisa hupewa saa saba. Wote wawili hufundishwa katika kambi moja, na bereti ni ile ile.

Siwezi kueleza jinsi nilivyoifurahia ile saa moja ya tofauti. Nilijiona nimepata ufunguo wa Colito: kwamba makomando walitii kwa sababu amri ilimlemea zaidi anayeitoa, na askari wa Tanganyika Rifles waliasi kwa sababu amri zilitoka kwa watu ambao maisha yao yalikuwa upande wa pili wa ua. Koplo wangu naye akapata mahali pake katika maelezo hayo. Nikalibeba jibu hilo kwa muda mrefu, nikalitumia katika mazungumzo ya kila aina, hata katika nasaha za harusi ambako, nikikumbuka sura ya bwana harusi, halikuwa na nafasi.

Kilichokuja kunitikisa ni kisa cha Parris Island, South Carolina, kambi ya makuruta wa Marine Corps ya Marekani. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, mkufunzi mmoja, Sajini Matthew McKeon, aliichukua Platuni ya 71 na kuipeleka kwenye kinamasi na mkondo wa maji uitwao Ribbon Creek, ili awatie adabu vijana aliowaona wamelegea. Siku hiyo alikuwa amekunywa pombe. Wengine katika platuni ile hawakujua kuogelea. Kizaazaa kilipozuka majini gizani, makuruta sita walikufa maji. McKeon alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi na mwishowe akashushwa hadi cheo cha chini kabisa, na jeshi lake likaongeza usimamizi wa maafisa juu ya wakufunzi.

Kisa chenyewe kinasikitisha, lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo moja ndani yake. McKeon hakubaki ukingoni akipiga kelele. Aliingia majini yeye kwanza, wao wakamfuata. Alilowa kama walivyolowa, alikanyaga tope lile lile. Alifanya, basi, kile kile nilichokuwa nikikisifu kwa koplo wangu na kwa wale maafisa wa saa saba, na kikaua watu sita.

Nikaanza kuifikiria safu ile kuanzia nyuma. Nikamfikiria kijana asiyejua kuogelea, anayeona maji yakipanda kiunoni kwa aliye mbele yake. Anajua jambo ambalo kiongozi wake halijui, au hataki kulijua. Mdomo anao, ila katika yote aliyofundishwa tangu afike kambini hamna sentensi moja ya kumwambia mkubwa kwamba hapa tusimame. Ushujaa wa aliye mbele haumsaidii. Pengine unamzidishia mzigo, kwa sababu ni vigumu zaidi kumkatalia mtu aliyekwisha kuingia majini kabla yako.

Nikarudi Colito kwa mlango huo, na sikuikuta kama nilivyoiacha. Najiuliza kama maasi yale hayakuwa "hapana" iliyozunguka nyumba ikitafuta mlango, ikaukosa, ikabomoa ukuta. Sisemi hivi kuwapamba. Siku walipoasi, maduka ya Dar es Salaam yaliporwa na raia waliuawa, na hakuna malalamiko ya mshahara yanayoweza kulipa hayo. Kesho yake kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Moto wa namna hiyo ukiwaka, hata mwenye dai la haki hawezi kusema utaishia wapi. Mjomba alilijua hilo, ndiyo maana penye wageni alichagua upande mmoja.

Kuna pia suala la wale waliokuja kuuzima. Ujana wangu wote niliona haya kwamba tulimwita mtawala wa jana aje kutunyang'anyia silaha askari wetu. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliiona kuwa fedheha kwa taifa, na hakuificha. Nilikuwa nikikomea hapo, kwenye fedheha. Sikuangalia miezi iliyofuata. Februari aliwaita wenzake wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam, akawaambia yaliyompata. Aprili kikosi cha Nigeria kilikuja kushika ulinzi badala ya Waingereza, kikakaa hadi jeshi jipya liliposimama, kisha kikaondoka. Jeshi hilo, la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lilianzishwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, chini ya Mrisho Sarakikya, kijana aliyesomea Sandhurst. Wakufunzi wa China walifika mwaka huo huo, wa Canada mwaka uliofuata, nao wa Canada wakaondoka mwaka 1970. Colito ikawa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Ninavyoitazama sasa orodha hiyo ya wageni, naona kiongozi aliyejifunza, kwa gharama kubwa, kutomtegemea mwalimu mmoja. Ama kama jeshi lilipata ule mlango mdogo ambao Colito haukuwepo, hapo nasita. Askari walipewa nafasi ndani ya chama, matawi ya TANU na baadaye CCM yakawa makambini, hadi mfumo wa vyama vingi ulipoyaondoa mwaka 1992. Kuna siku naona ile ilikuwa njia ya askari kusikika. Kuna siku naona ilikuwa njia ya kumsikiliza askari, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Wageni hawakukoma kuja: mwaka 2014 askari wa majini wa China walifanya mazoezi na wenzao wa JWTZ Dar es Salaam, na mwaka 2024, Julai na Agosti, China, Tanzania na Msumbiji zilikutana katika zoezi la Amani Umoja, sehemu ya nchi kavu ikifanyika Mapinga, Bagamoyo, na nyingine majini. Nina mpwa wangu jeshini. Hasemi chochote kuhusu kazi yake, na nimejifunza kutomuuliza, ingawa uchokozi wa kizee unanishinda mara moja moja. Safari hii nilimwuliza jambo la jumla tu: mnapofanya mazoezi na wageni, nani anamtii nani?

Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba hilo hupangwa mapema na si gumu kama raia wanavyodhani. Gumu ni usalama. Kwenye uwanja wa shabaha, alisema, yeyote akiona hatari anaruhusiwa kupaza sauti kusimamisha, hata awe kuruta wa juzi, na bunduki zote zinanyamaza, ya jenerali ikiwemo. Halafu ndipo anaulizwa ameona nini.

"Hata akiwa amekosea?"

"Hata akiwa amekosea, Mjomba. Bora akosee."

Nikamwuliza huyo kuruta anapaza sauti kwa Kiswahili au kwa Kichina. Akacheka sana, akasema hiyo peke yake ni kazi ya wiki ya kwanza.