Mipini ya Visu vya Kale katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Msafiri aachaye njia kuu pale Nangurukuru akaenda Kivinje na Masoko, kisha akateremka kusini hadi Mchinga na Lindi, kila aendako huonyeshwa magofu. Ni haki yake, maana Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, akaeleza kuwa majengo yake ni ya mbao. Mbao hizo zimekwisha oza. Lakini mti wa wazee haukutoweka wote. Umo katika masanduku na majiko yetu, katika mipini ya visu. Huo ndio tulioufuata sisi safari hii, kwa kuwa wachuuzi wapita majumbani wakivinunua visu hivi kwa bei ya chuma chakavu, na mwenye nyumba hajui alichokitoa.

Visu vya kukunja vya zamani huwa na muhuri katika bapa: Solingen ya Wajerumani, au Sheffield ya Waingereza. Muhuri huo wasema habari za chuma tu. Mpini ukipasuka, fundi wa hapa huutengeneza upya kwa mti wa hapa, basi mtu asisome jina la Ulaya akadhani na mti ni wa Ulaya. Tazama ribiti. Zile zilizofungwa kwa nyundo ya mkono vichwa vyake havilingani, hata mtoto ataona.

Mti wa kwanza kuujua ni mpingo. Wengine huuita abunusi, lakini abunusi ya Bara Hindi na Ceylon ni mti wa ukoo mwingine. Mpingo ukiuweka juani si mweusi mtupu. Ndani yake mna urujuani na hudhurungi, kwa michirizi myembamba, na vitundu vyake ni vidogo mno kuonekana kwa jicho. Mara nyingine ubavuni hubaki utepe mweupe wenye umanjano, nao ni mti wa nje ambao fundi hakuuchonga ukaisha. Kipande cha mpingo huzama majini. Walakini usikitose kisu kizima, maana chuma kitauzamisha hata mti mwepesi, nawe utajidanganya. Jaribu kibao kilichobanduka, kisha ukifute upesi.

Wako wapakao dawa ya viatu juu ya mti wowote wakauita mpingo. Dawa yake ni sindano: kwaruza kidogo mahali palipofichika, karibu na noleo. Mpingo ni mweusi hata ndani, na mti uliopakwa hutoa weupe wake. Sisi twawafundisha watoto kila siku kwamba ghushi katika biashara ni haramu, na hii ni ghushi tupu.

Mninga ni mwekundu wa hudhurungi, mwepesi, nao huelea. Mti wake ukikatwa hutoa utomvu kama damu. Lakini mafuta na jasho la mikono huutia giza kwa miaka, hata ukafanana na mkongo, ambao pwani nyingine huitwa mbambakofi. Uzito ndio utakaokuamulia, kwani mkongo ni mzito zaidi. Msaji hujulikana kwa mkono na pua: una mafuta, na ukikwaruzwa hunuka kama ngozi. Ya msasa tusitake hata kuyasikia; husugua rangi, na alama ya fundi pia.

Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kukatwa, na wazungu wauhitaji kwa zumari zao. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji wa utaratibu. Na tangu 2017 biashara ya mti huu baina ya nchi na nchi yataka kibali.

Katika nyumba moja ya Kivinje tulikuta kisu cha marehemu, alichokuwa akichinjia kila Idi. Mchuuzi alikwisha sema kwamba mpini ni mti wa kawaida, akataja bei ya chuma. Tulikitoa nje uani. Utepe mweupe ulikuwapo, na sindano ilikuta weusi. Warithi ni watatu, na mmoja wao yuko Mtwara; basi kisu kikarudishwa sandukuni kumngojea.