Rangi ya Baiskeli

Wako wengi wanaoamini kwamba ubunifu ni mali ya wenye nafasi, na kwamba mfanyakazi arudiye nyumbani jioni hoi hana lake katika sanaa. Mimi siafiki.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alikuwa mtu wa vibarua mjini Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile ile ipakwayo baiskeli. Hakuwa na turubai wala chuo. Naamini uhaba huo ndio uliozaa mtindo wake: rangi moja nyuma, mnyama mmoja mbele, madoa yaliyokolea. Picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi, akidhaniwa mhalifu. Miaka minne tu! Lakini alikwisha kuwafundisha jamaa zake, nao wakaendelea.

Huifikiri miaka ile kila nimwonapo binti yangu akichora kwa mkaa ukutani. Jirani hunihimiza nimkataze, eti anapoteza wakati wa masomo. Ukuta utapakwa chokaa. Nimemwomba seremala wa mtaani atuwekee vipande vya mbao anavyovitupa, naye huvileta mwenyewe kila Jumamosi, akakaa kutazama. Siku hizi ameanza kuchonga maua kwenye miguu ya viti vyake. Hakuna mteja aliyemwagiza.