Matondoni: Chini ya Sakafu ya Mashua Kongwe

Kijiji cha Matondoni kimekaa upande wa magharibi wa kisiwa cha Amu, pale mikoko inapoachia nafasi ya ufuo. Atokaye mjini hufika kwa chombo maji yakijaa, au kwa miguu na punda, mwendo wa saa mbili hivi. Mara nyingi msafiri husikia nyundo kabla hajaona nyumba. Kina mama husuka mikeka barazani, na ufuoni waume huunda vyombo na kuvitibu vilivyochoka. Mji mkongwe wa Amu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, husifiwa kwa milango na nyumba zake za mawe. Ni wachache wanaokumbuka kuzisifu mbao zilizouletea mji huo riziki.

Tulifika msimu wa kusi, wakati bahari imechafuka na vyombo vingi vimepandishwa. Mmojawapo ulikuwa mashua ya mirathi. Mwenyewe alikuwa amefariki, na mjane wake ana thumni tu. Mafungu yaliyobaki ni ya watoto, na wawili kati yao hawajabaleghe. Mashua hiyo huvusha abiria: wanafunzi, wagonjwa, wajawazito. Abiria walikuwa wamelalamika kwamba sakafu karibu na tezi hubonyea mtu akiikanyaga.

Shemeji mtu alikuwa na shauri lake tayari. Zipigiliwe mbao mpya juu ya zile kuukuu, ipakwe rangi, iuzwe kabla ya kaskazi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia fundi. "Fundi, hebu ifunue kwanza."

"Naam, mamangu. Ubao wa juu haulegei bila sababu. Ugonjwa uko chini."

Wengi wetu tuliokulia pwani hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha chombo. Fundi alitueleza kinyume chake: chumvi huzuia uozo, na mharibifu mkubwa ni maji ya mvua yanayoingia kwa juu, yakatuama ngamani mahali pasipopita upepo. Bahari ina adui wake mwingine, nao ni wadudu watoboao mbao kwa nje. Ndiyo sababu mafundi hukwangua ubavu wa chombo, wakaupitishia moto wa makuti, kisha wakaupaka deheni ya chokaa na mafuta. Basi chombo hushambuliwa pande mbili, na dawa ya upande mmoja haiponyi wa pili.

Mbao za sakafu zilipong'olewa, harufu ilitoka kwanza, kama ya uyoga. Fundi aligonga kila taruma kwa mpini wa tezo. Palipo pazima palilia kwa sauti kavu, na palipooza palijibu kwa mvumo mzito, kama kugonga papai. Kisha akachoma kwa ncha ya kisu: mti mzima hukikataa, mti mbovu hukimeza. Alitazama sana pembeni mwa misumari, kwani chuma kikishika kutu mti unaokizunguka huwa mweusi na kulegea. (Mitepe ya kale, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi, haikuujua ugonjwa huo, ingawa ilikuwa na yake.)

Mataruma matatu yalikuwa yameoza. Hayo hubadilishwa. Kilichomtia bibi hofu ni mkuku, kwa kuwa mkuku ukioza, gharama huishinda thamani ya mashua, na fungu la mayatima hugeuka kuni. Fundi alichukua keekee akatoboa polepole. Sote tulinyamaza. Unga wa kwanza ulitoka mweusi na umelowa. Kina cha nusu kidole ulitoka mkavu, wa rangi ya mti, na harufu ya mti. Akatoboa mahali pengine pawili, ikawa vilevile. Tundu zilizibwa kwa vijiti vya mti mgumu.

"Mkuku uko hai," alisema.

Shemeji alirudia hesabu yake ya kuuza. Bibi akamuuliza, "Na watakaoipanda, shemeji, tutawaambia nini?" Hakujibiwa.

Kazi ilianza siku ileile. Uozo hukatwa kupita mpaka wake, kiasi cha shibiri ndani ya mti mzima, maana kipande kibovu kikiachwa huambukiza kipya. Mataruma mapya yalichongwa kwa mikoko iliyopinda yenyewe, na viungo vya mbao vikakalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Sakafu mpya haikupigiliwa misumari yote: fundi aliacha mbao mbili za kuinuliwa kwa mkono, ili ngama ipate upepo na wenyewe waweze kuchungulia.

Tulipoondoka, mashua ilikuwa ikingoja maji ya bamvua ili ishushwe. Itavuja siku mbili tatu, fundi alisema, mpaka mbao zinywe maji na kufura. Kijana mkubwa wa marehemu alikwisha kutafuta kata ya kufulia.